Chingamu kwenye Mguu wa Ndege

Fundi Milimita alikuwa na miaka ishirini na sita akitengeneza miguu ya magurudumu ya ndege za abiria, na bado kazi ya ovyo ilimtia kichefuchefu kama unywele kwenye chakula. Asubuhi hiyo bolti ilikataa kuingia, kwa sababu matundu ya vipande viwili hayakukaa sawa. Akakwangua rangi, akakuta mtu alishalipanua tundu moja kwa tupa, kisha pengo akaliziba kwa chingamu. Alama za meno zilikuwa bado zinaonekana.

Karakana nzima mtafunaji alikuwa mmoja tu: mkaguzi, mume wa dada yake, ambaye ndiye aliyeigongea muhuri kazi hiyo.

Akamwita. Mkaguzi akaja taya zikienda.

"Shemeji, tundu kama hili linatobolewa upya, linatiwa bushi, ile pete ya chuma. Ni kazi ya siku mbili."

"Usikuze mambo, shemeji. Si imeruka mwezi mzima?"

Fundi akamfungua kiganja, akamwekea ile chingamu.

"Haya, malizia. Abiria wameshaikalia vya kutosha."

Taya za mkaguzi zikasimama, kwa mara ya kwanza tangu aoe.