Jitu la Kuluba

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi kule Kuluba, nje kidogo ya Koboko, kaskazini-magharibi mwa Uganda, miguu yangu ikiwa ndani ya tope hadi magotini. Nilikuwa kijana, nimetoka tu shule ya sekondari Arua, na nilikuwa nakanyaga udongo wa matofali ya shangazi yangu Zamzam. Tangu hapo nimezunguka sana, mwanangu. Nimelala Omugo, nimelala mpakani, nimelala juu ya magunia ya ufuta ndani ya lori. Bado nikisikia harufu ya udongo mbichi, moyo unarudi kwenye shimo tulilotoa udongo ule.

Shangazi alikuwa mjane. Nyumba yake ya udongo ilikuwa imeanguka upande mmoja, na alikuwa amebakiwa na kiangazi hicho tu kufyatua matofali, kuyachoma na kusimamisha ukuta kabla mvua haijarudi. Udongo mzuri ulikuwa mahali pamoja tu katika shamba lake, karibu na kijito. Mchimbaji alikuwa Lado, mtu mzima aliyekimbia vita Sudan Kusini, mwenye mikono mipana na maneno machache.

Asubuhi hiyo jembe la Lado liligonga kitu. Akachimbua taratibu, akatoa mfupa wa paja. Ulikuwa na kichwa cha mviringo kama kile kinachoingia kwenye nyonga ya mtu, ila ukiusimamisha ulinifika kiunoni. Lado akauweka chini, akavua kofia.

"Mama Zamzam," akasema, "hii si ya ng'ombe. Hii ni mutu. Mutu mukubwa ya zamani."

Shangazi akakaa chini palepale. Ni lazima uelewe alichokuwa anaogopa. Kwetu, shimo likitoa mfupa wa mtu, linafukiwa, na udongo wake haufanyiwi tofali tena. Nani atalala ndani ya ukuta wa kaburi? Shimo likifukiwa, hakuna matofali. Hakuna matofali, hakuna nyumba.

Binamu yangu Rajabu, aliyekuwa akipanga matofali juani, akaja mbio. Yeye alikuwa mteja wa kila siku wa banda la video pale mjini, akitazama filamu za wanyama wakubwa wa kale. Akauangalia mfupa mara moja tu, akatoa hukumu.

"Hii iko dainosaria. Hawa ndio walikuwa wanakula babu zetu."

"Kama walikula babu zetu," Lado akamuuliza, "wewe ulitoka wapi?"

Tulicheka, hata shangazi. Lakini Rajabu hakunyamaza. Akasema watu wa serikali wakisikia, watakuja kuzungushia shamba waya na hakuna atakayechimba tena. Kwa hiyo shangazi alikuwa na majibu mawili, la jitu na la dainosaria, na yote mawili yalimnyang'anya nyumba.

Akaamua kufanya lililo sawa mbele ya Mungu. Alituma sanda inunuliwe, akamwita shehe wa mtaa aje auswalie mfupa. Shehe alikuwa mzee wa Kinubi, mwembamba, mchelewaji wa kila kitu isipokuwa swala. Alifika, akauzunguka mfupa, akaugusa kwa fimbo.

"Kichwa yake iko wapi?" akauliza.

"Hatujaona, Shehe," shangazi akajibu.

"Mnataka niswalie mtu, na hamjajua kama ni mtu. Nikisoma hapa halafu huyu akatoka na mkia, mtanificha wapi? Chimba, Lado. Pole pole."

Lado hakutaka. Aliona ni kumsumbua marehemu. Lakini shehe alikuwa ameshakaa juu ya debe, na mtu akikaa hivyo haondoki bila jibu. Lado akashuka, akakwangua kwa mikono. Jua lilikuwa kali tulipomsikia akiguna. Akapanda na kitu kizito, kikubwa kama mkate mzima, juu kina mistari ya kupanda na kushuka kama matuta ya viazi. Akakisafisha kwa maji. Lilikuwa jino.

Rajabu akafungua mdomo. Shehe akamwinulia kidole. "Wewe ngoja. Dainosaria yako ilikuwa inakula watu. Hii jino ilikuwa inasaga majani."

Lado alilipapasa jino kwa muda mrefu. Kisha akacheka, akajipiga paji la uso. "Mama, nisamehe. Hii kwetu tunajua. Ni ndovu. Mimi niliona paja, nikasimama hapo."

Basi shimo halikuwa kaburi. Shangazi aliingia mwenyewe shimoni, na nguo zake nzuri alizovaa kwa ajili ya mazishi, akaanza kumpasia Lado ndoo. Mvua ya kwanza ilipopiga, ukuta ulikuwa umesimama na bati limekaa juu.

Rajabu, nimsifu, hakununa. Alisafiri hadi Arua kumuuliza mwalimu wa sayansi, na leo yeye ndiye anayewasahihisha wengine. Alichonieleza ndicho ninachokuambia wewe unayetazama picha za dainosaria kwenye simu. Dainosaria wale wakubwa waliisha mamilioni ya miaka kabla ya mtu yeyote kuzaliwa, hawakumla babu wa mtu. Si wote walikuwa wakubwa kama nyumba. Wengine walikuwa kama kuku, na wengine walikuwa na manyoya kama ya ndege. Yule mwenye mabawa ya ngozi anayeruka kwenye video si dainosaria, na yule tembo wa barafu mwenye nywele ndefu ni ndugu wa ndovu tu, alikuja baadaye sana. Na si wote walioisha. Ndege wametoka kwao, kwa hiyo jogoo anayekuamsha ana undugu wa karibu nao kuliko mamba wa Nile, hata kama mamba ndiye mwenye sura ya kutisha. Usinicheke. Mimi pia nilicheka.

Mwanangu, sikukatazi kukisia. Lado alikisia, Rajabu alikisia, na hakuna aliyekuwa mjinga. Ninachokuomba ni hiki: kisio lako likianza kumgharimu mwingine shamba, nyumba au jina lake, usilitoe kama hukumu. Tafuta kipande kingine kwanza. Na kipande hicho kikikupinga, geuka mbele ya watu wote, kama Lado alivyogeuka, bila kona kona.

Mungu akupe macho yasiyochoka haraka, na ulimi mwepesi wa kusema nisamehe. Akuepushe na majibu ya pupa, yako na ya wengine. Na popote utakapojenga, mvua ikukute ndani.