Bingwa Aliyevalishwa Ngozi

Kaka yangu mkubwa huwapanga wanamieleka weusi kwa daraja, wa kwanza mpaka wa kumi, na kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana huwapangua. Kazi hiyo ameifanya tangu alipokuwa kijana akifanya kazi Sur, enzi za kanda za video zilizotoka Dubai zikiwa zimechezwa hata picha imechakaa, na anaifanya hadi leo. Amestaafu, ana mvi, anakaa Ibra, mji wa babu zetu wa Kiarabu, katika majlisi ya wageni aliyoijenga mwenyewe. Wazungu hawamo katika hesabu yake. Aliwahi kuulizwa kwa nini, akajibu kwamba Wazungu wana watu wengi wa kuwapanga.

Mimi sikupata kuipenda mieleka ya kulipwa. Mshindi anajulikana kabla kengele haijagongwa. Waliomo ulingoni wamepatana, waliolipa kiingilio wanajua kwamba wamepatana, kisha wote wanapiga makelele kana kwamba hawajui. Nimesomesha lugha na adabu kwa miaka mingi, na sijaona namna ya kumweleza mwanafunzi kwamba uongo ukishakubaliwa na wote huwa burudani. Nimeyasema haya mbele ya kaka mara nyingi. Jibu lake ni lile lile: "Ushindi wa uongo, sawa. Na mgongo je? Akirushwa chini, mgongo ule unaouma ni wa nani?"

Mpinzani wake wa kweli si mimi, ni shemeji yake, ndugu wa mkewe, mtu aliyezaliwa Tabora, mwenye maduka ya vyakula Ibra na Nizwa, anayeamini kwamba kila jambo duniani lina bei na kwamba bei haina kosa. Wao wawili wakikutana, hawabishani juu ya wanamieleka tu, hubishana pia juu ya kampuni za mikoa. Zamani, kwa maelezo yao, Marekani haikuwa na kampuni moja ya mieleka. Kila mkoa ulikuwa na yake: mwandaaji wake, ukumbi wake, mkanda wake wa ubingwa, na kipindi chake cha televisheni kilichoonekana mkoa ule tu. Aliyechokwa mahali alihamia mkoa wa jirani akaanza upya. Kisha kampuni moja ikapata televisheni ya nchi nzima, ikawachukua mabingwa wa mikoa mmoja mmoja, na kumbi zile zikafungwa.

"Zilikufa," husema shemeji. "Soko hilo, bwana mkubwa. Mtu akishaona taa na kamera za maana, harudi tena kwenye ukumbi unaonuka jasho."

"Ziliuliwa. Kitu kilichochinjwa hakisemwi kimekufa."

"Mzoga na nyama kwako tofauti?"

"Kwako wewe, muuza kuku wa barafu, hakuna tofauti."

Bishano lao halikosi kumfikia mtu mmoja. Mkoani kwake alikuwa bingwa. Alipanda ulingoni na suti, akishika kipaza sauti akisema maneno yaliyopangika, na watu wakimsikiliza. Kampuni kubwa ilipomchukua ilimvua suti, ikamvalisha ngozi, ikamtundika mifupa shingoni, ikatangaza kwamba ametolewa katika msitu fulani wa Afrika na kwamba hajui lugha ya mtu yeyote. Aliamrishwa asiseme neno hadharani. Alipata fedha ambazo mkoani hakuziota. Kaka hajapata kutulia juu yake: Ijumaa moja humweka wa kwanza, Ijumaa ya pili humtoa kabisa.

Ningependa kuyaacha mambo haya kuwa porojo za wazee wawili baada ya wali. Lakini yalikuja kuiharibu posa ya binti wa kaka yangu, nami nilikuwapo.

Binti huyo anafanya kazi ya maabara Nizwa. Alisoma pamoja na kijana wa Al Qabil, ambaye sasa ameajiriwa kwenye kituo cha kuhifadhi kasa, pwani ya Ras al Jinz, na kijana akataka kumwoa kwa njia iliyo sawa. Walikuja wanawake wa kwao kwanza, kama ilivyo ada. Wakala halwa, wakamtazama binti, wakapendezwa naye. Kisha mmoja wao akauliza, kwa upole kabisa, mama wa baba yake bibi harusi ni wa wapi.

Lazima niseme hapa kwamba mimi na kaka tuna baba mmoja na mama wawili. Yeye alizaliwa Unguja na mwanamke wa bara aliyekuja kuchuma karafuu. Baba alipoondoka baada ya mapinduzi alimchukua mtoto tu. Mama akabaki, na habari ya kifo chake ilifika muda mrefu baada ya yeye kuzikwa. Mama yangu, aliyeolewa huku Ibra, ndiye aliyemlea kaka, naye alimwita mama mpaka siku tuliyompeleka makaburini.

Basi mke wa kaka akawajibu wageni: "Ni wa hapa hapa, Mungu amrehemu, na kaburi lake liko hapa." Kila neno katika jibu lile lingeweza kutetewa, na jibu zima lilikuwa la kudanganya. Mimi sikushauriwa. Kaka aliambiwa baadaye, pamoja na nasaha ya shemeji yake: asiongeze wala asipunguze.

Wanaume walikuja Alkhamisi baada ya swala ya alasiri, ili tupatane mahari na siku ya kufunga ndoa. Alikuwapo kijana, baba yake, ami zake, na mzee mmoja, ndugu wa babu yake, ambaye alishushwa garini kwa kushikwa mikono miwili. Kaka alikuwa amevaa jambia la baba na ametiwa udi mpaka kikuku cha saa kilinukia. Tukaulizana habari kwa taratibu zetu, nao wakajibu kuwa hakuna habari ila za kheri. Mzee yule alisema "al-hamdulillah" tu, akaegemea takia, akafumba macho. Baba wa kijana akaomba kuiona mitende yetu kabla jua halijazama, wakatoka wote na wapwa zetu. Sisi watatu, kaka, shemeji na mimi, tukabaki na mzee, maana mgeni haachwi peke yake.

Watu wetu tuna kosa moja ambalo sijaliona kwa wengine. Tunakichukulia Kiswahili kuwa chumba cha ndani cha nyumba yetu: tukishaingia humo, tunavua kofia na kusema tutakalo mbele ya mgeni yeyote, tukiamini kwamba mlango umefungwa. Tunafanya hivyo sokoni, tunafanya hivyo hospitali. Tena tunafanya hivyo Ibra, mji ambao kila mtaa wake una mtu aliyekulia pwani ya Waswahili.

Shemeji alikuwa akitazama simu yake.

"Yule jamaa kafa," akasema kwa Kiswahili.

"Jamaa yupi?"

"Wa ngozi."

Kaka akasema: "Basi leo apewe nafasi yake, isibadilishwe tena."

"Nafasi gani? Mtu kakubali kufanywa kinyago. Mimi simpi hata ya kumi."

"Mkoani alikuwa bingwa."

"Mkoani! Mkoani hata mimi bingwa. Njoo Jumamosi dukani, utaona mkanda wangu."

"Mkoani alikuwa akisema, yakhe. Amevaa suti, anasema, anaeleweka."

"Na huko kwenye suti alikuwa analipwa nini? Nauli?"

Mimi ningeweza kunyamaza, lakini swali lile lilikuwa la maadili na si la mieleka. Nikasema kwamba mtu mwenye akili timamu akiikubali fedheha kwa hiari yake, ana fungu lake la lawama, hata kama aliyeibuni fedheha ile ana fungu kubwa zaidi.

Kaka akanigeukia. "Kwa hiari yake?"

"Alitia saini."

"Mikoa yote imefungwa. Aliyemfungia ndiye huyo huyo anayempa kalamu. Wewe unaita hiari." Akashika jambia kiunoni. "Na mimi je? Mimi leo sikuvalishwa? Nimefungwa jambia, nimefukizwa udi, nimeambiwa nisiseme neno. Mama yangu alikuwa mchuma karafuu, mtu wa bara, mweusi kuliko mimi, na leo ndani ya nyumba yangu mwenyewe kapewa kaburi la mama yako. Mimi na yule jamaa tofauti yetu nini? Yeye alilipwa."

"Taratibu, bwana mkubwa," alisema shemeji. "Watu watarudi sasa hivi."

"Na warudi! Wakirudi nitanyamaza. Si ndiyo kazi yangu leo?"

Hapo mzee alifumbua macho. "Nipeni maji ya kunywa, wanangu," akasema, kwa Kiswahili cha mjini Unguja, laini, kama kile ambacho wazee wetu walikisema na sisi hatuwezi tena.

Chupa ya maji ya Tanuf ilikuwa kwenye sinia mbele yetu. Hakuna aliyeinyanyua. Kaka, ambaye sidhani alijua anasema nini, akasema: "Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Kumbe ulikuwa kule?"

"Nilikuwa na duka la vitambaa Malindi, pale pale mjini Unguja." Akajimiminia maji mwenyewe, akanywa. "Siku nyingi sijakisema."

Nyayo zikasikika uani. Baba wa kijana akaingia akiisifu mitende yetu, na mzee akafumba macho tena. Mahari yakapatanwa bila ugumu. Juu ya siku, wakasema watapiga simu.

Simu ilikuja wiki iliyofuata, na maneno yalikuwa machache: hapana nasibu. Huku kwetu posa hukataliwa kwa neno hilo, nalo limetengenezwa kwa ustadi mkubwa, kwa kuwa halimtaji mtu. Mwenyezi Mungu hakuandika; nani atamdai hoja? Mke wa kaka alimlaumu mumewe, shemeji akaulaumu mdomo wa mume wa dada yake, na kaka akazima televisheni, akakaa mbele yake.

Nilikwenda Al Qabil mwenyewe. Njiani nilitayarisha hotuba mbili, nami ni mtu ninayejua kutayarisha hotuba. Ikiwa wametukataa kwa sababu ya ukoo wa bibi yake binti, basi wamekosa, na nilikuwa na aya na hadithi za kuwathibitishia kwamba wamekosa. Ikiwa wametukataa kwa sababu tulidanganya, basi wana haki, na wajibu wangu ulikuwa kuomba radhi. Hotuba ya kwanza ingewashutumu wao, ya pili ingetushutumu sisi, na hazikuweza kusemwa pamoja. Nilihitaji kujua jambo moja tu kabla ya kufungua mdomo.

Walinipokea kwa heshima isiyo na dosari. Wakaleta matunda, halwa, kahawa. Tukaulizana habari, hakuna ila za kheri. Baba wa kijana alizungumza juu ya mvua na juu ya wadudu wa mitende. Nilipolifikia lililonileta, akaniwekea mkono gotini. "Nasibu, ustadhi," akasema. "Binti yenu ni taji." Akaamrisha niongezwe kahawa.

Mzee alikuwa amekaa pembeni. Nikamwamkia kwa Kiswahili: shikamoo. Ilikuwa hila, nakubali. Nilitaka kumvuta kwenye chumba kile cha ndani, angalau anipe ishara. Alinitazama kwa macho ambayo sikuona ndani yake uadui wala aibu, akanijibu kwa Kiarabu kwamba yu mzima, na ashukuriwe Mungu. Vijana wa nyumba wakacheka, wakidhani nimemtania. Sikujua kama ni yeye aliyewaambia, au kama aliwaambia ili kututetea wakamshinda, au kama hakusema neno na wanawake wao walikwisha kuyapata mahali pengine. Nikatikisa kikombe, maana yake nimetosheka. Wakanipa tende za kupeleka nyumbani.

Jumamosi binti alikuwa anarudi kazini, nikampeleka Nizwa kwa gari langu. Kiswahili chake ni cha kuomba chai na kuaga; tukazungumza kwa Kiarabu.

"Ami," aliniuliza, "ni kweli nimekosa mume kwa ajili ya mieleka?"

Nikaanza kumweleza: ukumbi wa mkoani, suti, kampuni kubwa, ngozi. Kwa Kiarabu yalikuwa maneno ya mtu aliyepungukiwa na akili. Nikayaacha katikati. Alikuwa akicheka, kisha hakuwa akicheka.

"Yeye ananiandikia kila siku kutoka huko kwa kasa wake," akasema. "Asema atawalainisha wazee."

"Ataweza?"

"Wewe umewaona. Ataweza?"

Lori lilikuwa mbele yetu na sikuwa na nafasi ya kulipita.

"Huyo bibi," akasema tena. "Mchuma karafuu. Alikuwa na sura gani? Mimi nimefanana naye?"

"Muulize baba yako."

"Nimemuuliza jana."

"Akasemaje?"

"Kasema hamkumbuki. Kasema alikuwa mdogo mno. Anakumbuka kitambaa cha kichwani tu, na rangi ya kitambaa hana uhakika nayo." Akanigeukia. "Wewe baba yenu hakukwambia chochote?"

Baba yetu alikuwa akisema juu ya Unguja kila siku: bei ya karafuu, majirani, misikiti, harufu ya mvua. Nilipitisha akilini yote niliyoyasikia tangu utoto, nikitafuta mwanamke mmoja ndani yake, na binti alikuwa akinisubiri.

"Hakusema," nikamwambia.

Akageukia dirisha, akakaa hivyo mpaka tulipoupita mji wa Izki.