Mahali pa Mapipa

Rangi ilipigwa Jumanne. Nilipofika Yeoville, mtaa wa Johannesburg, saa tatu asubuhi na chakula cha mama mkononi, nilikuta vyumba vinne vya njano vimechorwa chini, kwenye kibaraza kirefu cha kando ya barabara ambapo yeye na wenzake kumi hufanyia kazi. Mistari ilikuwa minyoofu mno. Kila chumba kilikuwa na namba.

"Umeona?" mama aliniambia kutoka nyuma ya cherehani yake, akicheka kwa meno yote. "Bameanza kazi. Hapa njo mahali ya pubeli."

Pubeli, kwa Kiswahili cha kwetu Bukavu, Kongo, ni pipa la taka. Mapipa manne kwa wanawake kumi na mmoja: hesabu ilikubali. Mama alikuwa amekwisha kusogeza magunia yake ya vitambaa ili pipa namba tatu, litakapoletwa, lisipate shida ya kukaa.

Nilimwekea chakula chake, nikasimama nikitazama ile namba tatu. Nilijiuliza pipa lina haja gani ya namba.

Katika nyumba yetu, na katika kibaraza kile chote, mwenye haki ya kupiga kura ni mmoja tu, nami ndiye. Nilizaliwa hapahapa Johannesburg, wazazi wangu wakiwa wakimbizi, na nilipofika utu uzima, baada ya miaka miwili ya foleni na barua, nilipata kitambulisho cha nchi. Wanawake wale hawakuwahi kuiita kura yangu. Waliiita kura yetu. "Kura yetu tutampa nani?" waliulizana wakisuka, wakishona, wakimenya maharagwe, kana kwamba ni kitenge kimoja walichonunua pamoja na sasa lazima kikatwe bila kuharibika.

Ya kwanza, kura ya jimbo, niliipiga bila kuwauliza. Nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza chuo na nilijiamini. Nilisoma ilani za vyama saba kwa kalamu ya risasi, nikachora jedwali, nikakipa chama kilichoandika kurasa nyingi zaidi kuhusu zahanati. Mwaka haujaisha, kwenye lango la zahanati tunayokwenda walianza kusimama watu wasio na sare, wakiwauliza wagonjwa vitambulisho, na chama changu hakikusema neno. Mama alirudi nyumbani na presha yake, bila vidonge. Hakunilaumu. Alisema tu kwamba safari ijayo tutakaa kikao.

Basi ulipokuja uchaguzi wa jiji, tulikaa kikao. Na mgombea wa kata akaja mwenyewe kibarazani, mtu wa makamo, mtanashati, viatu vimeng'arishwa, mzaliwa wa mitaa hiyo. Alizungumza Kiingereza na kuchanganya Kizulu, na mimi nilitafsiri. Watoto wa wahamiaji tunaianza kazi hiyo kabla hatujaota meno yote: tunatafsiri kwa daktari, kwa mwenye nyumba, kwa polisi. Aliahidi taa za barabarani. Aliahidi robot ya kona, yaani taa ya kuongozea magari, ambayo ilikuwa imekufa kwa miezi na magari yanapita kwa kutishana. Kisha akasema jambo la tatu, nami nikalitafsiri hivi:

"Atasafisha mtaa huu."

"Muulize, atasafisha na nini?" mama alisema.

"Na fagio ama na magari?" akadakia jirani yake wa kibarazani, msusi kutoka Lubumbashi, mwanamke mwenye sauti inayovuka barabara. "Juu ya fagio hata sisi tuko nazo."

Nilimuuliza. Alicheka, akasema kwa kila kitu. Akapitisha kiganja chake hewani, kutoka kona ya juu mpaka pale tulipokaa, polepole, kama mtu anayefuta meza. Niliuona mkono ule. Ulipita juu ya magunia yaliyopasuka na maganda ya mahindi, na ulipita pia juu ya cherehani.

"Amesema kwa kila kitu," niliwaambia, na wakapiga makofi, tayari wakizungumzia pubeli.

Mimi ni mtu wa kusoma ujumbe wa simu mara nne kabla ya kuutuma. Dereva wa teksi akinuna, hukaa nikijiuliza mpaka jioni kama nilimwambia asante kwa sauti mbaya. Lakini neno lile sikulifikiria hata mara moja. Au nililifikiria, nikaliweka kando kwa sababu walikuwa wanafurahi. Hilo silijui mpaka leo.

Siku ya kura walipewa karatasi mbili wapiga kura wote. Ya kata nilimpa mgombea yule, kama kikao kilivyoamua. Ya chama nilikipa chama kilichokuwa kikimtukana, ili wachungane. Niliona huo ni ujanja mkubwa. Miezi miwili baadaye chama chake na hicho cha pili vilikaa meza moja kulitawala jiji, wakipeana mikono kwenye televisheni, na kura zangu mbili zikawa zimesema kitu kimoja.

Nilirudi kibarazani na wino kwenye ukucha wa kidole gumba cha kushoto. Msusi, ambaye hupaka kucha pia, alinivuta mkono.

"Leta kidole, mama," alisema. Kwetu binti huitwa mama na wanawake wote wa rika la mama yake, nao wote ni mama zake. "Hii njo alama yetu. Haiwezi kuoshwa na sabuni ya sahani."

Akapaka rangi ya kucha isiyo na rangi juu ya wino, tabaka mbili. "Haitoki mpaka pubeli ifike," alisema, na kibaraza kizima kikaangua kicheko.

Mgombea wetu alishinda. Na majuma ya kwanza, lazima niseme ukweli, yalikuwa mazuri. Robot ya kona ilifufuka. Lori la taka lilipita mara mbili katika juma moja. "Kura yetu inatumika," msusi alimwambia kila mteja aliyekaa kwenye kiti chake, akimwonyesha ukucha wangu kama mimi ni bango. Wino ulikuwa ukisogea juu na ukucha, chini ya ile rangi, bila kufifia.

Ndipo ikaja ile Jumanne. Nikamfuata mtu wa kizibao cha kung'aa aliyekuwa akitikisa kopo la rangi mtaa wa pili.

"Vile vyumba vya njano ni vya nini?"

"Usafi, sisi," alisema, kama wanavyomwita hapa dada. "Jumatatu."

"Mapipa yataletwa Jumatatu?"

Alinitazama aone kama ninamtania. "Mapipa gani?"

Sikumwambia mama. Nilijiambia sina uhakika, kwamba mpiga rangi huenda hajui alitumwa nini, kwamba huwezi kumtia mtu presha kwa neno la mpiga rangi. Siku mbili nilikuja na kuondoka. Mama alifagia kuzunguka namba tatu asubuhi na mchana, akihakikisha mistari haichafuki.

"Mimi sitaki pubeli karibu na kichwa ya mteja," msusi alilalamika. "Itanuka. Bataenda kwa wengine."

"Nywele za wateja yako njo zitajaza hiyo pubeli," mama alimjibu. "Bora iandikwe jina yako."

Walicheka mpaka mama akakosa kuona tundu la sindano. Mimi nilicheka pia. Nilisikia kicheko changu kikitoka kama cha mtu mwingine.

Alhamisi nilikwenda ofisini kwa diwani, yule mgombea wetu. Nilikuwa nimejiandaa kwa ukali, nimeandika hoja zangu sita kwenye karatasi, na hakuna hata moja niliyoitumia, kwa sababu alikuwa mpole. Alinikumbuka. Aliniletea kiti.

"Wewe ndiye uliyetafsiri," alisema.

Kisha akanieleza kama mtu anayejivunia kazi yake. Vile vyumba ni nafasi halali za biashara. Vinne tu kwa kibaraza kile. Kila kimoja kwa mtu mmoja mwenye kitambulisho cha nchi, naye lazima awepo mwenyewe. Karatasi za ukimbizi hazihesabiwi. Kitakachokutwa nje ya mistari Jumatatu kitapakiwa kwenye lori.

"Lakini ulisema utasafisha," nilisema.

"Na ninasafisha." Hakuwa ananikejeli. Hilo ndilo lililonitisha, alikuwa anashangaa kweli. Akatazama mkono wangu juu ya meza yake, wino ule uliokuwa sasa umefika karibu na ncha ya ukucha, akatabasamu. "Mlinipigia kura kwa ajili hiyo. Watu wengi mtaani hapa walinipigia kwa ajili hiyo. Wewe umezaliwa hapa, dada, huna tatizo. Jaza hii fomu."

Niliijaza. Nilijaza jina langu, namba yangu, na kwenye mstari wa biashara nikaandika ushonaji, mimi nisiyeweza kurudishia hata kifungo. Nilipewa kibali cha namba tatu siku ileile. Sijawahi kuhudumiwa haraka hivyo katika ofisi yoyote ya nchi hii, na nilishuka ngazi nikiwa na hofu kuliko nilipopanda.

Nilimwambia mama Ijumaa. Alikuwa akipinda upindo wa gauni la harusi, pini mdomoni. Nilimweleza yote, mpaka mkono ule uliopita hewani. Alizitoa pini moja moja, akazichoma kwenye kimto chake, mpaka zikaisha.

"Kusafisha," alisema. "Njo neno ulituambia."

"Njo neno alisema, mama."

"Na sisi tukapiga makofi."

Msusi alikuwa ameachia kichwa cha mteja katikati ya msuko. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue alizungumza kwa sauti ndogo.

"Basi hiyo kura yako imetufukuza."

Yako. Nilikuwa nimeingoja lawama kwa siku tatu, nimeisikia kichwani kwa maneno mengi, lakini hilo moja sikulitegemea. Niliona mama amelisikia pia.

"Ni yetu," alimwambia. "Tulikaa kikao. Wewe mwenyewe ulipaka verni juu ya wino."

Msusi alimaliza kichwa kile kwa haraka, akaanza kufunga meshi zake, zile nywele za kusukia, kwenye mfuko mkubwa wa mistari, ule ambao hapa kila mtu anajua ni mfuko wa kuhama. Kuelekea kona wengine walikuwa wanafunga pia. Habari ilikuwa imetembea bila mtafsiri.

Mama aliinuka. Alichukua utepe wake wa kupimia na kipande cha chaki ya fundi, akapiga magoti kwenye namba tatu. Alipima urefu, akapima upana, akaandika kwenye lami kama anavyoandika kwenye kitambaa.

"Mashini inakula sentimita makumi tisa," alisema, bila kumtazama mtu. "Kiti ya muntu wa kusukwa, makumi tano. Wewe utasimama nyuma. Haukuwa unasimama kila siku?"

"Yee, dada," msusi alisema. "Kibali iko na muntu mmoja."

"Mimi napima kitambaa. Sikuulizi kibali."

Jumatatu tulikuwa pale kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, kibaraza kimebaki kitupu hivi kwamba nilisikia viatu vyangu. Mama alikaa kwa cherehani, ameigeuza upande. Msusi alisimama mgongo wake ukigusa ukuta, kiti chake cha plastiki kimeingia kwa kubanwa, mguu mmoja juu kabisa ya mstari wa njano. Mimi, mwenye nafasi, sikuwa na mahali pa kukaa ndani yake, nikachuchumaa kwenye pembe, kibali na kitambulisho kwenye mfuko wa plastiki mapajani. Mama alianza kushona ili mikono yake iwe na kazi. Alikuwa anapitisha mshono uleule mara ya pili.

Lori lilikuja polepole. Walipakia meza moja iliyosahauliwa, magunia, kreti. Mtu mwenye daftari alisimama mbele yetu, akasoma kibali changu pande zote mbili, akatazama kitambulisho, akanitazama mimi.

"Huyu ni nani?" aliuliza, akimwonyesha mama kwa kalamu.

"Mama yangu."

"Na yule?"

Msusi hakuhitaji kutafsiriwa. Nilimsikia ameacha kupumua nyuma ya kichwa changu. Nilifikiria njia zote za kujibu, kama kawaida yangu, na kila moja ilikuwa na mlango wake mbaya. Halafu nikafikiria kwamba, kwa lugha yetu, jibu la kweli lilikuwa moja tu, na kwamba kazi yangu ni kulitafsiri.

"Mama yangu," nilisema.

"Wawili?"

"Wawili."

Alitutazama watatu, mmoja baada ya mwingine. Alitazama mguu wa kiti juu ya mstari. Akawaashiria wenzake wasiguse kitu bado. Akafungua daftari, akaanza kuandika, na aliendelea kuandika kwa muda mrefu kuliko jibu nililompa.