Programu ya Tarehe Aliyoiacha Marehemu Lakew

Saa tatu asubuhi, Yeshimebet Worku, karani wa kituo cha afya mjini Dessie, Ethiopia, anamuuliza mama aliyeketi mbele yake mtoto alizaliwa lini. Mama anataja siku na mwezi kwa kalenda ya Kiethiopia, ile anayoijua tangu utoto. Yeshimebet anaandika, na kompyuta inaigeuza tarehe hiyo kuwa ya kalenda ya kizungu, kisha inatoa siku ya chanjo inayofuata.

"Mlete baada ya wiki nne, usichelewe," anamwambia. "Na mvalishe kofia, dada. Baridi ya Dessie haijali mtoto wa nani."

Mama anacheka na kutoka. Hajui kwamba programu iliyompa tarehe hiyo iliandikwa na karani huyuhuyu wa kofia.

Yeshimebet ana miaka 58, na hiki ni kituo chake cha kwanza na cha pekee cha kazi. Miezi miwili iliyopita alipata jumbe mbili katika wiki moja. Wa kwanza ulisema ghala la mtandaoni alikohifadhi msimbo wa programu yake, yaani maagizo yanayoiendesha, lingefungwa mwisho wa mwezi. Wa pili ulitoka kwa Meklit, mtaalamu wa kompyuta katika hospitali moja mjini Gondar.

"Etiye Yeshi," aliandika binti huyo, akimwita dada mkubwa kwa heshima, "programu yenu tunaitaka sana, ila haina leseni, yaani ruhusa ya maandishi. Mwanasheria wetu anasema bila leseni hiyo ni mali ya watu, tusiiguse."

Yeshimebet alishangaa. "Ruhusa? Nani aliwahi kuniomba ruhusa? Tuliigawa kama bisi!"

Programu hiyo ilizaliwa mwaka 1995 kwa kalenda yao, takriban 2003 kwa ya kizungu, kituo kilipopata kompyuta ya kwanza. Kompyuta ilijua miezi kumi na miwili tu. Pagume, mwezi wa kumi na tatu wenye siku tano, au sita kila mwaka wa nne, haikuutambua kabisa. Makarani wakawa wanakisia. Mama mmoja alitembea saa tatu na mtoto mgongoni, akarudishwa kwa kuwa tarehe haijafika, kisha akarudishwa tena.

Fundi wa friji za chanjo, Lakew Tessema, ndiye aliyesema liwalo na liwe, wataandika programu yao wenyewe. Alikuwa amejifunza kuandika programu kutoka kitabu kisicho na jalada. Masika yale yote, kazi ilipokwisha saa kumi na moja jioni, yeye na Yeshimebet walibaki ofisini.

"Mvua ikipiga bati hatusikilizani, tunaandikiana kwenye karatasi," anakumbuka, macho yakimeremeta. Lakew humwita Gashe, kaka mkubwa. "Gashe Lakew anatafuna shayiri ya kukaanga juu ya kibodi. Herufi ikikwama, anaigeuza kibodi juu chini na kuipiga mgongoni, punje zinamwagika!"

Mshahara wa Yeshimebet ulikuwa birr 430, na disketi moja birr nane. Walinakili programu kwenye disketi, wakawapa makondakta wa mabasi ya Woldiya na Kombolcha wazipeleke vituo vya afya vya huko. Disketi zilirudi na barua: imefanya kazi, Mungu awape umri. Barua hizo anazo bado, zimefungwa kwa uzi wa pamba.

"Siku hizi mtu anaipakua kwa sekunde mbili, hata salamu hakuna," anasema. "Zamani nilimjua kila aliyekuwa nayo."

Lakew alifariki miaka minne iliyopita, na nusu yake ya programu ni ya warithi wake. Bila ridhaa ya mjane, Amsale, hakuna leseni. Hapo ndipo Yeshimebet alipositasita, maana siku ya mazishi Amsale alimwambia mbele za watu: "Kompyuta yenu ndiyo iliyokula jioni za mume wangu." Tangu arobaini, Yeshimebet hakukanyaga tena nyumba ile.

Jumapili moja alibeba mkate, akaenda.

"Yeshi! Ulisubiri nife na mimi ndiyo uje?"

"Nisamehe, Etiye Amsale. Niliogopa."

"Uliogopa nini? Nang'ata?"

Alipokwisha kula, Yeshimebet alieleza kwamba leseni inahitaji sahihi ya Amsale, na kwamba ziko mbili za kuchagua. Leseni ya kwanza inasema: chukua, fanya utakavyo, acha tu majina ya waandishi. Ya pili inasema: chukua, lakini ukiibadilisha na kuisambaza, nawe utoe msimbo wako wazi kwa masharti yaleyale. Meklit aliipendelea ya kwanza, kwa kuwa haina maswali mengi.

"Na wewe?" Amsale aliuliza.

Yeshimebet akamsimulia habari ya kampuni moja iliyoichukua programu yao. Kampuni iligundua kwamba inaisahau siku ya sita ya Pagume, ikarekebisha na kufungia marekebisho kabatini. Vituo vingine vilikosea tarehe kwa siku moja mwaka mzima, mpaka Lakew alipoligundua kosa mwenyewe, akajua kampuni ililijua siku zote.

Amsale alisema: "Siku hiyo naikumbuka. Alirudi, hakula. Nikadhani kagombana na mtu." Akajifuta machozi kwa ncha ya shuka alilojitanda. "Kuchukua hakukumuudhi. Kilichomuudhi ni kwamba walijua watoto wa watu wanakosewa, wakakaa kimya. Andika hiyo ya pili. Na jina lake uliandike kamili, mpaka la babu yake."

Alitia sahihi palepale, kando ya sinia.

Kuhusu ghala jipya, Meklit alipendekeza lile kubwa waliko vijana wote. Yeshimebet alikubali, kwa sharti kwamba nakala kamili ikae pia kwenye ghala dogo la chama cha wapenda programu huria. "Nimeshafungiwa mlango mara moja," anasema. Siku ya tisa baada ya kuiweka huko yalifika masahihisho ya kwanza, kutoka kwa mtu wa Asosa asiyemjua. Ilikuwa herufi moja tu. Alilia.

Atastaafu baada ya miaka miwili. Kabla ya hapo anataka kuwakabidhi Meklit na wenzake wawili funguo zote za maghala, na kuandika kila kitu kilichomo kichwani mwake peke yake.

"Nilibisha kwa Etiye Amsale kwa hofu, kuomba sahihi," anasema, akimwita mama anayefuata. "Nikiondoka duniani, sitaki mtu abishe hivyo kwa wanangu kuomba ruhusa. Wakimwona, wajue amekuja kuwasalimia tu."