Pazia Jeusi na Kabati la Chini ya Ngazi

Naanza na aibu yenyewe, tumalizane nayo. Mimi, baba wa watoto wanne, fundi wa cherehani wa miaka mingi, nilivutwa miguu na walinzi wawili kutoka kwenye kabati la chini ya ngazi, nyumbani kwa bibi wa kizungu wa miaka tisini, huku naimba wimbo wa kanisani, na suruali niliyoshona mwenyewe imepasuka nyuma. Imepasuka kwenye mshono. Ingepasuka kitambaa ningemlaumu aliyeniuzia. Lakini mshono ulikuwa wangu.

Duka langu liko hapa Joburg, Malvern, Jules Street, karibu na muuza matairi. Nusu ni cherehani zangu mbili, nusu ni viti vya rafiki yangu msusi, mama aliyetoka Uvira, Kongo, kama mimi, ambaye kazi yake ya pili ni kunicheka. Shule niliishia ya pili sekondari. Vita ikaja ikatupa likizo, na mimi mpaka leo sijaitwa kurudi.

Siku moja akaingia mama wa kizungu kutoka mtaa wa Observatory. Anataka mapazia meusi nyumba nzima, mwanga usipite hata kidogo.

"Pole sana," nikamwambia. "Nani amefariki?"

"Hakuna. Ni ya mama yangu, yuko mzima."

Akanieleza. Mama yake alizaliwa Wales. Nikasema, aa, Uingereza. Akaniinulia kidole: nisije nikasema hivyo mbele ya bibi, ile ni nchi yake na ina lugha yake. Mtu wa Kivu anajua uchungu wa kuitwa kwa jina la nchi jirani.

Alipokuwa mtoto huko, ndege za Wajerumani zilikuwa zinakuja kupiga mabomu bandari ya mji wao. Kila nyumba ilitakiwa kufunga mapazia meusi kabla giza halijaingia, ndege zisione mahali pa kupiga. Sasa uzee umemrudisha kulekule. Kila jioni taa za mtaa zikiwaka, anachukua fimbo, anatoka, anapiga mageti ya watu: "Zimeni taa! Mnataka kutuua?" Wiki ile gari lilikuwa karibu limgonge pale kwenye robot, zile taa za kuongoza magari. Binti yake anafanya kazi, hawezi kumchunga kila dakika, ameshamtafutia nafasi kwenye nyumba ya wazee. Kuingia ni Jumatatu ijayo. Bibi naye amesema hatoki kwenye nyumba yake ila kwa jeneza.

"Mapazia ndiyo jaribio la mwisho," binti akasema. "Maana kitu kinachomtuliza ni kimoja tu, umeme ukikatika."

Hiyo ilinichekesha. Umeme ukikatika Joburg nzima inatukana, eish, lakini bibi anakaa kwenye kiti chake anasema, "Vizuri. Leo wote wametii."

Nilishona kitambaa kizito, tabaka mbili. Ningeishia hapo. Lakini fundi wa kwetu hawezi kutoa mkononi mwake kitu cheusi kitupu. Cheusi kitupu ni msiba, watu watasema huyu hajui kazi. Nikazungushia utepe wa dhahabu, ule wa kung'aa tunaoweka kwenye nguo za kwaya. Nikauweka pande zote mbili, ndani na nje, kwa sababu siku ile nilikuwa na roho nzuri.

Msusi akaangalia. "Papa, hilo ni pazia ama ni mke wa waziri?"

Nikajua ni wivu.

Nikaenda kuyatundika saa za alasiri. Binti akaona bibi ametulia, akatoka kidogo kwenda dukani. Jua lilipoanza kushuka, bibi akanishika mkono, tukatoka nje kukagua. Taa ya geti la jirani ikawaka. Utepe wangu wote ukawaka pamoja nayo. Dirisha la sebule likawa kama madhabahu siku ya Krismasi.

Bibi akaangalia kwanza dirisha, halafu mimi. "Kijana," akasema, na mimi nina mvi, "umewaonyesha Wajerumani mlango."

Basi nikakaa sakafuni na wembe, nikaanza kufumua. Nilikuwa nimemaliza pazia la sebule wakati alamu ya nyumba ya jirani ilipoanza kulia. Joburg alamu inalia, hakuna mtu anageuza shingo. Bibi aliruka kama ana miaka saba. Akanikamata kola, akanivuta mpaka kwenye kabati la chini ya ngazi, mahali wanapoweka mifagio na meza ya pasi.

"Ingia!"

Sasa, mimi vita naijua, lakini si ile. Kwetu risasi zikilia unatafuta mlango wa nyuma. Hakuna mtu wa Uvira anayejificha mahali penye mlango mmoja. Hapo umejichimbia kaburi mwenyewe.

"Gogo," nikamwita, kama bibi wanavyoitwa hapa, "hapana. Tupite jikoni, tutokee bustanini."

"Bustanini! Bomu likuone vizuri?"

"Na wakitukuta humu?"

"Nani atukute? Wako juu!"

Ndipo nikaelewa. Vita yetu ilikuja kwa miguu na kugonga milango. Ya kwake ilipita angani, haikujua hata nani yuko ndani. Tungebishana mpaka leo, lakini alamu ilizidi, na yeye aliingia akaanza kunivuta mkono. Nikaingia. Yeye ni mwembamba, alifika mpaka ndani kabisa. Mimi niliingia nusu, nikakwama. Kichwa kwenye vita ya Wales, makalio Observatory.

Mle gizani akanisimulia. Walikuwa wanajibana hivyohivyo, mama yake, dada zake, na jirani ambaye alikuja na kuku wake kwenye kikapu, maana mayai yalikuwa ya mgao na kuku alikuwa na thamani kuliko mume. Ndege zikikaribia, wanaimba ili wasizisikie. Akaanza kuimba kwa lugha yake. Maneno sikujua hata moja, ila sauti naijua, tuliimba kanisani Uvira kwa Kiswahili. Nikamwekea besi.

Binti akarudi akakuta mlango wazi, alamu inalia, na nusu ya mwanaume inaimba kutoka chini ya ngazi. Akaita walinzi wa kibanda cha kona. Mmoja ni wa Lubumbashi.

"Papa fundi? Ni wewe?"

"Si mimi."

"Hii suruali naijua. Mimi uliniuzia nyingine kama hii."

Wakanivuta. Mshono ukasema neno lake. Yule wa Lubumbashi akakaa chini kwa kucheka.

Bibi akatoka taratibu, akajipangusa vumbi. Alamu ilikuwa imenyamaza, lakini macho yake yalikuwa mlangoni, na mkono ulikuwa unatafuta fimbo. "Baba ameshagonga?" akauliza.

Binti hakuelewa. Bibi akatueleza kama watoto wajinga: baba yake ndiye alikuwa mkaguzi wa taa wa mtaa. Kila jioni wakishafunga mapazia, alizunguka nje, akaangalia, na kama hakuna mwanga unaopenya, aligonga kioo mara mbili. Kabla ya hapo mama yake hamimini chai.

Nikajifunga aproni ya binti kwa nyuma, nikatoka. Nikaangalia dirisha la sebule, bila utepe sasa. Jeusi kabisa. Nikagonga mara mbili.

Halafu nikasikia vikombe.

Jioni ile bibi hakwenda barabarani. Kesho yake yule wa Lubumbashi, jua likishuka kwenye zamu yake, akapita akagonga. Na kesho yake tena. Jumatatu ikaja ikapita, bibi bado yuko kwake. Mimi aliniambia naimba vizuri ila ni mnene sana kwa vita.

Nilimsimulia msusi yote, hata suruali. Nilingoja anicheke. Alisuka mistari miwili kwanza, kichwa cha mteja mikononi.

"Kwetu mtu akigonga dirisha jua likizama, mama yangu alikuwa anatuziba midomo," akasema. "Huyu bibi bila kugongewa hanywi chai. Lete hiyo suruali, Papa, nikushonee mimi."