Nilimtumia mwanafunzi wa rika la mama yangu kama mfano darasani, na mpaka leo naona aibu

Wakuu, habari zenu. Hii stori nimeiandika na kuifuta mara tatu. Leo naiacha ilivyo, sijatia chumvi. Mkitaka kunitukana, nafasi mnayo.

Mimi ni lekchara wa part-time kwenye campus moja hapa Machakos. Nafundisha saikolojia, second years. Nina miaka thelathini na nne, na nilikuwa najiona mwalimu moto kweli kweli.

Darasani nilikuwa na mama mmoja, tumwite Mama Mutheu. Miaka hamsini na tatu, mwalimu wa nursery kutoka Kola. Alingoja kitindamimba wake amalize form four ndipo naye akajiandikisha. Alitaka digrii afanye counselling, kwa sababu akina mama wa kanisani kwake tayari walikuwa wanamletea shida zao.

Alikaa mbele siku zote. Daftari lake alilivalisha gazeti kama la mtoto wa shule.

Sasa, mliosoma saikolojia mnalijua lile jaribio la mistari. Unachora mstari mmoja, pembeni mingine mitatu, unauliza ni upi unalingana na ule wa kwanza. Watu wote wamepangwa kusema jibu la uongo, isipokuwa mmoja asiyejua. Unaangalia kama atafuata kundi.

Lekchara wangu alitufanyia hivyo, na nadhani naye alifanyiwa na wake. Somo letu ndivyo linavyorithiwa. Vitabu vimejaa majaribio ya zamani yaliyofanyiwa wanafunzi wa ng'ambo, na sisi tunayarudia huku bila kuuliza. Siku yetu alinaswa kijana mmoja mpole, tukacheka mpaka machozi. Sikumbuki hata kama alimaliza chuo.

Basi nikawapanga wanafunzi kwenye WhatsApp group. Mama Mutheu hakuwemo, simu yake ni kabambe, ile ndogo ya vibonyezo isiyo na WhatsApp. Hicho ndicho kisingizio nilichojipa. Ukweli ni kwamba nilimchagua kwa sababu nilijua ataingia mzima mzima.

Raundi mbili za kwanza wote walisema ukweli. Ya tatu, mmoja baada ya mwingine, wakasema mstari wa kwanza, ilhali hata kipofu angeona ni wa tatu. Ikafika zamu yake, wa mwisho.

Akavua miwani akaifuta. Akageuka akawatazama wale vijana nyuma yake, kwa muda. Kisha akasema polepole, "Ni ya kwanza."

Darasa likalipuka. Nikabonyeza slide inayofuata, CONFORMITY kwa herufi kubwa, nikasema Mama Mutheu ametuonyesha jinsi binadamu anavyofuata kundi. Kuna aliyekuwa anarekodi na simu. Nilimwona na sikumkataza.

Yeye naye alicheka kidogo. Halafu akainua mkono.

"Mwalimu, mimi niliona ni ile ya tatu. Lakini hawa watoto wote wamekosea, na wewe uko hapo mbele unaangalia. Nikasema, nikiwa mimi ndio napata, si nitawaaibisha? Nikaona heri tukosee pamoja."

Wakuu, hapo ndipo ningesimama. Mtu alikuwa amenipa jibu ambalo kitabu changu hakina.

Mimi nikatabasamu, nikaambia darasa, "Hiyo sasa inaitwa rationalization, kujitafutia kisingizio baada ya kukosea. Andikeni." Wakaandika. Na yeye pia aliinamisha kichwa akaandika.

Wiki iliyofuata hakuja. Wala ile nyingine. Siku ya CAT, ule mtihani wa katikati ya muhula, kiti chake kilikuwa kitupu, nikamuuliza class rep, kijana anaitwa Kyalo. Akaangalia chini.

"Sir, ile clip ilifika mpaka Kola. Watu wa kanisa wako nayo."

Wale wale akina mama waliokuwa wanamletea shida zao. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Jumamosi nikaenda kwake. Alinipokea kama mgeni wa heshima, akanipakulia muthokoi, akamwita mumewe aje amsalimie mwalimu wake. Nikaanza kuomba msamaha. Hata hakuniacha nimalize.

"Aaii, mwalimu, vai thina, hakuna shida kabisa. Hata mimi nilicheka. Nilikuwa tu na homa. Jumatatu nakuja."

Akanifungia kilo mbili za ndengu nimpelekee mke wangu. Nilirudi mjini mwepesi, nikipiga mluzi. Nilimwambia mke wangu mambo yameisha.

Jumatatu hakuja. Jumanne nikaenda ofisi ya department kuuliza. Karani akanitolea barua yake ya kuacha masomo, mwandiko ule safi wa mwalimu wa nursery, sababu za kifamilia. Ilikuwa imepigwa muhuri Alhamisi, siku mbili kabla sijaenda kwake.

Yaani nilipokuwa nakula muthokoi yake alikuwa ameshaacha chuo. Aliniona naumia, akanipa jibu ambalo lingenipunguzia aibu.

Nilichojifunza ni kwamba miaka yote nimefundisha watu bila kuwasikiliza. Mtu alijieleza mbele yangu kwa Kiswahili safi, nikampa jina la kitabuni ili nisimsikie.

Lile jaribio nimeliacha. Lakini hilo halimrudishi yeye.

Sasa nawauliza, hasa mlio na wazazi wa rika lake: nirudi Kola? Natamani kurudi. Ila najua nikibisha mlango atanikaribisha, atanipa chakula, ataniambia tena hakuna shida. Mtu kama huyu unamwomba vipi msamaha bila kumpa kazi ya kukufariji?