Kisu cha Kanyunyi na Mchungwa wa Susu

Ukimuuliza mtu wa Machakos mwenye kisu cha Kanyunyi kwa nini anakipenda, atakuambia ni makali. Nimewauliza wengi, kuuliza ni tabia niliyozaliwa nayo, na baadaye nikapata kazi inayonilipa kwa ajili yake. Nimemuuliza fundi wa viatu aliye nyuma ya soko, dereva wa lori la mchanga, na mwalimu mstaafu anayekitumia kumenyea papai na si kingine. Wote hufanya vilevile. Wanakifungua kwa ukucha wa kidole gumba, wanapitisha ubapa juu ya nywele za mkono, kisha wanakuonyesha palipobaki upara. "Unaona?"

Lakini ukivuta kiti ukakaa, ukauliza kisu cha kwanza walikiona wapi, habari ya makali inaisha na anaingia mtu. Shemeji. Baba mdogo. Mwanamke fulani ambaye hawataki kumtaja. Fundi wa viatu alikiona mkononi mwa mtu aliyemsaidia kukata kamba ya mzigo wake siku alipofika mjini bila kumjua yeyote. Kwangu anaingia mama, na pamoja naye mchungwa mmoja uliokuwa unakufa.

Kanyunyi si jina la kiwandani. Ni kisu cha kukunja, mpini wa mbao ya kahawia, na karibu na bawaba kuna muhuri wa ndege mdogo aliyefungua mdomo. Maneno yaliyo chini ya ndege ni ya lugha ya mbali ambayo hakuna aliyehangaika kuisoma. Ndege kwa Kikamba ni nyunyi, na akiwa mdogo ni kanyunyi. Basi.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, ninangoja kuitwa chuo, na kungoja kwenyewe nilikufanyia kwenye kitalu cha mama kando ya barabara upande wa Katelembo. Tuliuza miche ya matunda. Watu wengi hudhani mche wa mchungwa unatoka kwenye mbegu ya chungwa. Mche mzuri hautoki hapo. Unachukua mlimau wa kienyeji uliofika unene wa penseli, unachanja gome lake kwa umbo la herufi T, unalifungua kama kola ya shati, halafu unaingiza ndani yake jicho la mchungwa: kipande chembamba cha gome chenye chipukizi lililolala. Unafunga kwa ukanda wa nailoni. Mizizi inakuwa ya mlimau, matunda yanakuwa ya mchungwa uleule ulikotoa jicho. Jicho likikatwa vibaya, likichubuka au likichelewa hewani, linakauka.

Wapandikizaji wote niliowajua walitumia wembe wa kunyolea uliovunjwa katikati. Mama pia. Vidole vyake vya mkono wa kulia vilikuwa na michoro midogo myeupe kama chaki, kazi ya wembe.

Susu alikuwa jirani yetu wa upande wa juu. Susu ni nyanya, na ingawa hatukuwa damu moja naye, hakuna aliyemwita vingine. Alikuwa mwembamba, mrefu, mwenye ulimi mkali kuliko wembe wa mama. Nyuma ya jiko lake palikuwa na mchungwa alioupanda marehemu mumewe mwaka walipojenga hapo, kwa mche ambao mzee aliuleta kutoka kazini kwake na ambao hakuna aliyejua asili yake. Machungwa yake yalikuwa madogo, yenye ganda jembamba, na utamu wake ulikuwa na ukali kidogo mwishoni. Susu alipimia machungwa yote ya dunia kwa hayo. Ukimpa la sokoni angekula kipande kimoja, aangalie mbali, aseme, "Hii ni maji imevaa nguo."

Mwaka huo mti ulianza kutoa utomvu chini ya shina. Gome likaoza, likazunguka karibu shina zima. Matawi yakakauka moja baada ya jingine kama mtu anayezima taa za nyumba akienda kulala. Susu alikuja kitaluni, akasimama katikati ya miche bila kusalimu.

"Mwiitu," akamwambia mama, maana yake binti. "Ule mti ukienda, sina mwingine."

"Nitakutolea miche, Susu."

"Usiniambie utanitolea. Nitolee."

Mama akajaribu. Alikata macho kwenye tawi lililokuwa bado na uhai, akayapandikiza kwenye milimau yake bora, yote kwa wembe kama alivyozoea. Yote yakakauka. Matawi ya mchungwa ule yalikuwa magumu, wembe ulipinda ukifika katikati, na kila jicho lilitoka na jeraha. Mama hakuwa mtu wa kulalamika, lakini siku aliyofungua nailoni na kukuta jicho la mwisho limekuwa jeusi, alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na hakuongea na mteja aliyekuwa anauliza bei ya miparachichi. Nilimhudumia mimi.

Tulinunua samadi kwa mfanyabiashara wa mbuzi mjini Machakos, Msomali aliyezaliwa hapohapo na ambaye Kikamba chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Siku moja tulimkuta amemshika beberu mguu, anampunguza kwato. Alikuwa anatumia kisu kidogo cha kukunja, na vipande vya kwato vilikuwa vinaanguka vyembamba kiasi cha kupitisha mwanga. Mama akasahau samadi.

"Mama, unaangalia mbuzi ama unaangalia kisu?"

"Mbuzi niko na yangu nyumbani."

Mtu huyo akacheka, akaupangusa ubapa kwenye gunia, akampa. "Hii si ya kwanza. Ya kwanza ilinipotea safarini na ng'ombe. Nilikasirika kuliko ningepoteza ng'ombe. Nikarudi duka ileile, nikachukua ileile. Sasa mimi kisu ingine sijui."

"Inapinda?"

"Mimi ndiyo nitapinda kwanza."

Duka lenyewe lilikuwa la vifaa vya ujenzi, na visu vya Kanyunyi vilikuwa ndani ya kabati la kioo, vimeshika vumbi, kwa sababu vile vya kuuzwa chini sokoni vilikuwa vya bei rahisi. Mama alinunua kimoja. Nyumbani alitumia jioni nzima kukinoa upande mmoja tu juu ya jiwe laini la mtoni, upande wa pili akauacha bapa kabisa, ili kikate jicho kikiwa kimelala bapa juu ya tawi. Alipokijaribu kwenye tawi, kilipita kama kinachofungua bahasha. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia mama akizungumza na chombo. Alikiambia, "Ala, kumbe."

Kisha akaweka sheria. Kisu hicho hakikati kitunguu, hakikati kamba, na juu ya yote hakikati nyama. Kikiguswa na mafuta, alisema, jicho litakataa kushika. Alikifunga kwenye kitambaa, akakitia ndani ya mkebe wa kahawa juu ya kabati. Akamwambia Susu angoje mvua ishike, maana mvua ikishika gome linaachia lenyewe. Mchungwa ulikuwa umebaki na tawi moja lenye majani mabichi, lililoelekea jikoni. Likikauka hilo kabla ya mvua, basi. Kila asubuhi Susu alikuwa anatoka kuliangalia kabla hajawasha moto.

Mvua ikaja. Wiki hiyohiyo mjomba, kaka yake mama, alikuwa amekuja kutoka Masinga kwa ajili ya ntheo, ile siku ambayo upande wa kijana unapeleka mbuzi kwa wazazi wa msichana. Kwenye shughuli ya namna hiyo huku kwetu mbuzi akishachomwa, wanaume wanatoa visu vyao mfukoni. Kila mtu na chake. Asiye na kisu anangoja wenzake wamkatie, anakula anachopewa, na mjomba hakuwa mtu wa kula anachopewa. Chake kilikuwa kimezama ziwani akivua. Unaweza kuona mambo yanakoelekea.

Aliporudi jioni alikuwa na furaha nyingi. Mama alikuwa anapasha maji.

"Dada, leo umeniheshimisha. Mbele ya wakwe wote!"

"Kwa nini?"

"Kile kisu chako. Nilikitoa tu, mtu wa kwanza akaomba, wa pili akaomba. Kilizunguka kama kibuyu. Mzee mmoja alitenganisha bega la mbuzi bila kugusa mfupa, akaniuliza, hii inauzwa wapi? Wanaume kama sita watakuwa hapo dukani kesho."

Mama alikuwa ameacha kupuliza moto. "Kisu gani?"

"Na nimekurudishia kikiwa safi. Nimekunolea pia. Pale kwa simiti, mlangoni. Pande zote mbili."

Mama akanyoosha mkono. Mjomba akakitoa mfukoni, na furaha yake ikawa inapungua kadiri kisu kilivyokaribia mkono wa dada yake. Bawabani palikuwa na mafuta meupe yaliyoganda, na ule upande bapa ulikuwa na mikwaruzo kama barabara ya murram.

"Kesho ndiyo siku ya mchungwa wa Susu," akasema mama.

"Basi tumia wembe."

"Toka jikoni kwangu, mwana wa mama. Toka polepole, nisije nikakifanyia majaribio kwako."

Alikichemsha. Akakisugua kwa majivu, akapitisha sindano bawabani, akakaa na jiwe lake mpaka upande ule ukarudi kuwa bapa, au karibu na bapa. Nilimuuliza kama hatuwezi kumwambia Susu angoje siku mbili tukanunue kingine. Akanionyesha dirishani. Mchana huo huo upepo wa mvua ulikuwa umelitikisa lile tawi na majani ya ncha yalikuwa yameanza kujikunja.

Asubuhi Susu alikuwa ametuwekea kigoda chini ya ule mti uliobaki mifupa. Mama alikata tawi lote, kwa sababu hapakuwa na faida ya kubakiza. Susu aligeuka akatazama upande wa barabara wakati linakatwa, kisha akageuka tena. Nilishika milimau tuliyobeba kutoka kitaluni, mama akachanja, akafungua, akaingiza, akafunga. Kila jicho lilikuwa na kikonyo kifupi cha jani alichokiacha kwa makusudi, kama kishikio. Tulipomaliza Susu akauliza, "Hiki ndicho kile kisu?"

"Ndicho."

"Hakijakata kitu kingine?"

Mama akafunga ukanda wa mwisho. "Nimekichemsha, Susu," akasema, na hilo lilikuwa kweli.

Kujua kama jicho limeshika hakuhitaji kulifungua. Baada ya wiki tatu hivi unakigusa kile kikonyo. Kikiwa kimekauka na kimeng'ang'ania, jicho limekufa. Kikianguka kwa mguso mdogo tu, jicho liko hai, limekitema lenyewe kama mtoto anavyotema jino. Mama alinieleza hivyo, na akanikataza kugusa. Mjomba alirudi Masinga, akawa anapiga simu kila Jumapili. Hakuuliza habari zetu. "Miti inaendeleaje?" aliuliza, kwa sauti ya mtu mwenye mgonjwa hospitali.

Kumbe hakuna aliyemweleza Susu habari ya vikonyo. Siku moja nilikuwa ninamwagilia miparachichi nikamsikia akilia kwa sauti upande wa milimau. Nilikimbia, na mama alikimbia kutoka barabarani. Susu alikuwa amesimama na kikonyo kimoja kiganjani, kikavu, cha manjano.

"Nimeuvunja," alikuwa anasema. "Mwiitu, nimeushika tu. Nilitaka kuuona. Nimeuvunja kwa mkono wangu."

Mama akamshika mkono ule ule, akaupeleka kwenye mche wa pili. "Gusa na huu."

"Sitaki."

"Gusa, Susu."

Susu akagusa kwa ncha ya kidole, akiwa amefumba macho. Kikonyo kikaanguka. Cha tatu kikaanguka. Cha nne kilikataa, mama akauvuta mche huo kando. Cha tano kikaanguka. Ndipo mama akafungua nailoni ya kwanza, akamwonyesha: jicho kijani kibichi, limenenepa, limekaa ndani ya gome la mlimau kana kwamba ndipo lilipozaliwa.

Kwa macho ya mtu anayeuliza maswali, ninajua kwamba hapo hapakuwa na ushahidi wa kisu. Palikuwa na mvua, na mkono wa mama uliokwenda taratibu siku hiyo kuliko siku zote. Sheria ya mafuta ilikuwa imevunjwa na macho yalikuwa yameshika. Mama hakuibadilisha hata hivyo. Mkebe ulihamia chumbani kwake. Mjomba naye alipopata habari alitangaza kwamba mafuta ya mbuzi ndiyo siri yenyewe, na wale wanaume wa ntheo, waliokwisha kununua Kanyunyi zao kwa ajili ya nyama, walimuunga mkono.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Siku ile Susu alipangusa uso kwa leso, akanyoosha kiganja.

"Kilete."

Mama akakitoa kwenye kitambaa. Susu akakifungua kwa ukucha, akamtazama yule ndege mdogo, kisha akakisogeza puani.

"Kinanuka mbuzi," akasema.

Mama akaanza kukusanya nailoni zilizoanguka chini. Susu alikishika muda mrefu, akakikunja, akakifungua tena kusikia kinavyolia.

"Nitafutie na mimi kimoja."

"Cha nini, Susu? Wewe hupandikizi. Meno ya nyama nayo huna."

"Nani amekuambia nataka kukata kitu?" Akamrudishia. "Cha kukaa nacho."